Kusindikiza wanafunzi wa chuo kikuu: kazi ambayo Marekani watu wanaisomea

Mzazi anapotuma mtoto chuo kikuu, mara nyingi anafikiria vitu vitatu: minervali, mahali pa kulala na maprofesa. Mtoto akianguka mwaka wa kwanza, tunasema hakusoma, ao hana akili. Lakini wanafunzi wengi hawaachi masomo juu ya hesabu ao kemia peke yake. Mwingine pesa yake ilikatika katikati ya mwaka. Mwingine alipata ugonjwa, ao mimba, ao ugomvi bwenini. Mwingine alikuwa na shida ndogo tu, lakini hakujua abishe mlango gani.

Nchini Marekani, kuna watu wanaolipwa kwa kushughulikia mambo hayo, na wengi wao wameyasomea mpaka kupata masta. Ndugu zetu wengi wanaoishi kule, kwenye majimbo kama Kentucky, Texas, Ohio na Arizona, wanakutana na wafanyakazi hao kila mara mtoto wao anapoingia chuo. Vijana wengine wa kwetu sasa wanataka kujua namna ya kuingia katika kazi hiyo. Tueleze basi inafanywaje, inasomewa wapi, na sisi hapa Kongo tunaweza kuchukua nini ndani yake.

Ni kazi gani hasa?

Chukua chuo kikuu cha Marekani, toa madarasa, maabara na maprofesa. Kinachobaki bado ni kikubwa. Kuna wanaosimamia mabweni usiku na mchana. Kuna biro ya kupanga masomo, biro ya bursi na mikopo, wasaidizi wa afya ya akili, biro ya wanafunzi wenye ulemavu, biro ya wanafunzi waliotoka nchi za kigeni, wanaosindikiza vyama vya wanafunzi, wanaoamua kesi za nidhamu, na wanaosaidia mtu kutafuta kazi baada ya diplome. Sehemu hiyo ya chuo inaitwa Student Affairs. Programu nyingi za masta zinaandika Higher Education and Student Affairs, na hayo ndiyo maneno ya kutafuta kwa mwenye kutaka kujiandikisha.

Juu yao kunakuwa mkuu wa wanafunzi, ambaye kwa Kiingereza anaitwa dean. Tusimchanganye na doyen wetu. Kwetu doyen anaongoza fakilte. Mkuu wa wanafunzi wa kule anaangalia maisha ya mwanafunzi nje ya darasa, na si lazima awe anafundisha.

Hapa kwetu kazi hizo zimetawanyika. Aparitora inaandikisha, sekretere mkuu anasaini, komite ya wanafunzi inapeleka malalamiko, padri ao mchungaji anasikiliza wenye huzuni. Mengine yanaangukia asistanti mwenye roho nzuri, ambaye hakuna aliyemfundisha kazi hiyo wala anayemlipa juu yake.

Ilianza namna gani?

Zamani, vyuo vya Marekani vilijiona kama baba na mama wa mwanafunzi. Rais wa chuo na maprofesa wenyewe ndio walikuwa wanaangalia kama vijana wamelala, wamesali, wamekunywa pombe. Vyuo vilipokua, maprofesa walishindwa. Miaka ya 1890, Harvard ilimpa LeBaron Russell Briggs kazi ya kushughulikia wanafunzi. Huko Chicago, University of Chicago ilipofungua milango mwaka 1892, Alice Freeman Palmer na Marion Talbot walipewa kazi ya kuangalia wanafunzi wanawake, wakati watu wengi walikuwa bado wanabisha kama mwanamke anafaa kusoma chuo kikuu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Teachers College ya Columbia University, New York, ilianza kufundisha watu wa kazi hiyo.

Mwaka 1937, American Council on Education ilitoa andiko fupi ambalo mpaka leo wanafunzi wa masta wanalisoma. Wazo lake ni rahisi: chuo kinapokea mtu mzima, mwenye akili, mwili, moyo na familia, kwa hiyo kisimhesabu kama kichwa cha kujaza tu.

Lakini badiliko kubwa lilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Februari 1960, wanafunzi Weusi wa Alabama State College, mjini Montgomery, waliingia katika mgahawa wa jengo la mahakama na kuomba chakula mahali ambapo Weusi walikuwa wanakatazwa. Chuo kikafukuza wanafunzi 9. Hakuna aliyewaita kuwasikiliza. Walipeleka kesi, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa iliamua kwamba chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumwambia kosa lake na kumpa nafasi ya kujitetea. Kesi hiyo inajulikana kama Dixon dhidi ya Alabama.

Tangu hapo, lugha ya "sisi ni baba yenu" ilianza kufa. Chuo kilipaswa kufuata sheria, kutoa sababu, kuandika ushahidi. Kwa hiyo moyo wa mzazi peke yake haukutosha tena. Mtu wa kazi hiyo alipaswa kuisomea.

Masomo yenyewe yanakuwaje?

Kwanza, hakuna fakilte moja inayoombwa mwanzoni. Mtu anaweza kuwa amesoma sosholojia, biolojia, historia ao biashara. Akipata digrii ya kwanza, anaingia masta ambayo kwa kawaida inachukua miaka 2. Programu zinazojulikana ziko kwa mfano Bowling Green State University (Ohio), Indiana University, Michigan State, Florida State na University of Georgia.

Ndani ya darasa wanasoma historia ya vyuo, sheria, namna kijana anavyokua, ushauri, bajeti, na utafiti. Lakini nusu ya masomo iko nje ya darasa. Wengi wanapata kazi ya usaidizi ndani ya chuo, karibu saa 20 kwa wiki, kwa mfano kusimamia bweni ao kufanya kazi kwenye biro ya wanafunzi wapya. Programu nyingi zinalipa kazi hiyo kwa posho ndogo, na zinapunguza ao zinaondoa minervali. Juu ya hiyo kuna staji. CAS, baraza lililoanzishwa mwaka 1979 kuweka vipimo vya kazi hizi, linaomba angalau saa 300 za staji chini ya msimamizi, tena mahali pawili tofauti, kusudi mtu asijue kona moja tu ya chuo.

Ufundi gani unaombwa?

Vyama viwili vikubwa vya kazi hii, ACPA na NASPA, vilikubaliana juu ya orodha moja ya ujuzi, na mwaka 2015 wakaitengeneza upya. Iko na sehemu 10: maadili ya mtu mwenyewe, historia na falsafa ya kazi, kupima na kutafiti, sheria na utawala, kuendesha watu na mali, uongozi, haki na kujumuisha wote, kujifunza na kukua kwa mwanafunzi, teknolojia, na ushauri. Kila sehemu ina ngazi 3, kutoka msingi mpaka ubingwa. Anayemaliza masta anategemewa awe na ngazi ya msingi katika zote 10.

Nadharia nazo zina kazi yake. Arthur Chickering, katika kitabu chake Education and Identity cha 1969, alionyesha kwamba kijana wa chuo anajenga mambo 7 kwa wakati mmoja, pamoja na kutawala hasira na huzuni zake, kujitegemea, na kujua yeye ni nani. Nancy Schlossberg alitoa maswali manne ya kumuuliza mtu aliye katika badiliko gumu: hali yako ikoje? wewe mwenyewe una nguvu gani? nani anakusaidia? umejaribu mbinu gani? Mtu aliyezoea maswali hayo hatamwambia kila mwanafunzi "jikaze" na kumfungia mlango.

Vincent Tinto naye alieleza, katika miaka ya 1970 na 1980, kwamba mwanafunzi anabaki chuoni kama ameshikana na masomo na pia na watu wa chuo. Katika maelezo yake ya kwanza, ilionekana kama kijana anapaswa kwanza kujitenga na maisha yake ya nyuma. Mwaka 1992 William Tierney alimpinga. Alisema wazo hilo linawaumiza wanafunzi wa makabila ya wenyeji wa Marekani na wengine wanaotoka katika jamaa zilizoshikamana, juu linawaomba waache ukoo wao ndipo wasome. Kwa sisi, mabishano hayo si ya vitabu tu. Yanauliza kama dada anayepigia nyumbani simu kila jioni anapotea, ao anapata nguvu ya kuendelea.

Tuweke mfano

Tuseme binti mmoja alizaliwa Uvira, akakulia kambini, akafika Marekani na miaka 13. Sasa ana 19, yuko mwaka wa kwanza. Usiku anafanya kazi. Mchana anakosa darasa siku ambazo anamsindikiza mama yake hospitali kumtafsiria. Kemia inamshinda. Anaingia biro ya ushauri na kusema tu: "Niko nachoka."

Mtu asiyefundishwa anaweza kumwambia apumzike na asome sana. Ao, kwa huruma, amwambie aache kemia leo leo. Yote mawili yanaweza kumharibia.

Aliyefundishwa anaanza kwa kusikiliza, kisha anahesabu. Tarehe ya mwisho ya kutoa somo ni lini? Akilitoa kabla ya tarehe hiyo, kwenye karatasi yake ya alama itaandikwa W badala ya F. Lakini akipunguza masomo, bursi yake inaweza kupungua, juu msaada wa serikali unaangalia idadi ya masomo na pia kama mwanafunzi anaendelea vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, wanakwenda pamoja biro ya bursi. Tena anauliza kama hospitali imeambiwa kwamba mama anahitaji mkalimani, juu kazi hiyo haipaswi kumkalia mtoto. Na baada ya wiki mbili anampigia simu kujua imekuwaje. Simu hiyo ya pili ni sehemu ya kazi.

Sasa mama anapiga simu chuoni: "Mimi njo mama yake. Nilimubeba mugongoni toka kule. Munaweza nificha aje pointi za mutoto wangu?"

Mama ana haki ya kushangaa. Lakini tangu 1974 kuna sheria, FERPA, inayolinda karatasi za mwanafunzi. Akishaingia chuo, haki juu ya karatasi hizo ni yake mwenyewe, hata kama ana miaka 17. Njia ya kawaida ni mwanafunzi asaini ruhusa kwamba mzazi aambiwe. Sheria imeacha milango michache, kwa mfano hatari kwa maisha, ao mtoto ambaye mzazi bado anamtangaza kama tegemezi kwenye kodi. Mfanyakazi mzuri hamkatii mama simu. Anamweleza namna vyuo vinavyofanya kazi, anamwambia ruhusa inasainiwa wapi, na anamshauri aongee na binti yake kwanza. Analinda siri ya mmoja bila kumdharau mwingine. Kufanya hivyo kwa dakika tano za simu, na mama anayelia, kunahitaji mazoezi.

Sheria si hiyo moja. Title IX ya 1972 inakataza ubaguzi wa jinsia, na kesi za kunyanyasa wanafunzi kingono zinapitia humo. Clery Act ya 1990 inalazimisha vyuo kutangaza makosa ya jinai yanayotendeka kwenye eneo lao. Na mambo yanabadilika: Texas, tangu tarehe 1 Januari 2024, vyuo vya serikali vimekatazwa kuwa na biro za utofauti na ujumuishaji. Wafanyakazi wa biro hizo, wengine waliosaidia sana wanafunzi wageni, walijikuta wanabadilishiwa kazi ao kuipoteza. Anayeingia humu ajue kwamba siasa inaweza kufunga biro yake.

Upande ambao hautangazwi

Malipo ya mwanzo ni madogo ukilinganisha na masta iliyoombwa. Msimamizi wa bweni anaishi humo humo, nyumba ikihesabiwa kama sehemu ya mshahara. Simu inalia saa nane za usiku: mwanafunzi amekunywa kupita kiasi, mwingine anasema anataka kufa. Mfanyakazi si daktari wala polisi, lakini yeye ndiye anafika wa kwanza. Kwa hiyo ndani ya mafunzo kuna kujua mpaka: hapa nasikiliza, hapa naita daktari, hapa nalala kusudi kesho niweze kufanya kazi. Wengi wanaacha kazi katika miaka ya kwanza juu ya kuchoka.

Na mtu anayetoka kwetu?

Kwa vijana wetu wanaoishi Marekani, mlango wa kwanza uko karibu. Ukiwa bado kwenye digrii ya kwanza, omba kazi ya kusaidia bwenini, ya kupokea wanafunzi wapya, ao kwenye programu za TRIO, zilizoanza miaka ya 1960 kusaidia vijana ambao wazazi wao hawakusoma chuo. Hapo utajua kama kazi inakufaa, na utapata watu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza. Kiswahili na Kifaransa ni mali: chuo chenye wanafunzi wengi wa kwetu kinahitaji mtu anayeelewa kwa nini binti hawezi kukataa anapoitwa na mjomba.

Kwa aliyesoma hapa Kongo, mambo matatu. Kwanza, diplome yako itapimwa na mashirika ya kulinganisha digrii. Katika mfumo wa zamani, graduat ya miaka 3 peke yake mara nyingi haihesabiwi kama digrii kamili ya Marekani. Ukiongeza lisansi ya miaka 2, hali inakuwa nzuri zaidi. Kwa diplome za LMD, uliza chuo chenyewe kabla ya kulipa chochote. Pili, utaombwa mtihani wa Kiingereza. Tatu, mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hicho ndicho kipimo cha kazi nyingi za usaidizi. Masharti ya viza yanabadilika mara kwa mara; sikiliza ubalozi, usisikilize mtu wa kati anayetaka dola zako.

Na kila anayefikiria programu fulani aulize: kazi ya usaidizi inahakikishwa ao ni ya kushindania? Inalipa minervali yote ao nusu? Staji zinafanyika wapi? Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Chuo kisichojibu swali la mwisho, ukiangalie mara mbili.

Hapa kwetu je?

Historia yetu kati ya wanafunzi na viongozi ina damu. Tarehe 4 Juni 1969 wanajeshi walipiga risasi wanafunzi waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa kwenye mabweni ya Universite ya Lubumbashi, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Hayo yalikuwa mambo ya utawala wa nchi, na hakuna mshauri wa bweni ambaye angeyazuia. Lakini magomvi ya kila siku, ya minervali iliyopandishwa, ya maji na umeme mabwenini, ya pointi zisizotangazwa, yanaanza madogo. Yanakua juu hakuna mtu katikati ambaye kazi yake ni kusikiliza, kuandika na kuleta jibu.

Hatuna pesa za Marekani, na si kila kitu chao kinatufaa. Lakini mambo mengine hayaombi dola nyingi: mwanafunzi asifukuzwe bila kusikilizwa, wapya waonyeshwe kila biro na kazi yake katika wiki ya kwanza, asistanti anayepokea wanafunzi wenye shida ahesabiwe saa hizo kama kazi, na afundishwe kusikiliza na kutunza siri. Watu wa kufundisha wapo. Universite ya Kisangani ina fakilte ya saikolojia na elimu tangu zamani, na shule za juu za ualimu ziko katika majimbo mengi. Staji ya mwanafunzi wa saikolojia inaweza kufanyika bwenini sawa vile inafanyika hospitalini.

Kwa mzazi anayesoma haya, kuna kitu cha kufanya kesho. Usimuulize mtoto wako pointi tu. Muulize: ukipata shida kule, unakwenda kuona nani? Akikosa jina la mtu hata mmoja, mtafute pamoja naye kabla ya mitihani.